Jinsi ya kutengeneza muvi ya mashine muuaji hapa Tanga, simu moja na laki sita na ushee

Nianze na aibu yetu wenyewe. Mara ya kwanza tulipoijaribu muvi yetu mbele ya watu, kwenye kibanda umiza kimoja huku Ngamiani, bure bila kiingilio, mashine ilitokea dakika ya nne, mchana kweupe, mwili mzima, na watoto waliokaa mbele wakacheka mpaka mmoja akadondoka kwenye benchi. Mwingine akapiga kelele "si ndala zile!" Na kweli zilikuwa ndala. Miezi miwili ya kukata na kugundisha ikaishia hapo. Tukarudi nyumbani kimyakimya, tukafuta kila sehemu mashine inapoonekana nzima, tukabakiza taa mbili nyekundu, kivuli na mlio, wiki mbili baadae tukaionyesha palepale na kibanda kikanyamaza mpaka muuza kashata akasahau kuuza.

Kwa hiyo haya nnayoandika hapa yote yanazunguka hilo jambo moja, mashine isikike kabla haijaonekana, na ikibidi isionekane kabisa. Pesa yako ndogo ipeleke kwenye masikio ya watu.

Hatua ya 1: mashine iwe ya hapahapa

Usianze na kamera. Anza na swali, hiyo mashine imetoka wapi na kwa nini inaua. Vijana wengi wanaandika eti roboti la Marekani limeanguka Raskazone, sasa hapo umeshajitia hasara mwenyewe, maana roboti la Marekani mtu kashaliona kwenye muvi za mamilioni na lazima atalifananisha na lako. Hata The Terminator ya 1984, ambayo kwa wenzetu ilihesabika ya bei ndogo, ilikula kama dola milioni 6.4, na pamoja na pesa yote hiyo karibu muvi nzima mashine ni jamaa mwenye misuli kavaa koti, lile gofu la chuma linatembea lenyewe mwishoni tu. Kama wao walibania, wewe wa laki sita unaharakia wapi?

Sisi tulichukua korona. Mtu wa Tanga simwelezi, ila kwa mgeni, korona ndio mashine ya kuchakata mkonge, jani linaingia upande huu, linakutana na ngoma inayozunguka yenye visu butu, nyama ya jani yote inapondwa, maji yanasafisha, upande wa pili zinatoka singa, yaani nyuzi za mkonge. Sasa sikia utamu wake, katika kilo 100 za majani singa unazopata ni kama kilo 4 tu, zilizobaki zote taka. Mjomba wangu aliyekula chumvi nyingi huko mashambani aliponiambia hiyo namba nikamuuliza mara mbili, "nne?" akasema "nne, mjomba, kingine chote kinaenda na maji". Skripti ikajiandika usiku uleule. Mashine inaamka, inawaona watu kama majani, inatafuta zile kilo nne zenye faida. Haina hasira wala kisasi, inachakata tu. Mi naona hiyo inatisha kuliko roboti linaloongea Kiingereza.

Ubavuni tukaiandika 62 kwa rangi nyeupe. Mwaka 1893 yule Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche ya mkonge 1,000 kutoka Florida, iliyofika hai ni 62, ndio ikazaa mkonge wote unaouona ukitoka mjini kuelekea Pongwe na Muheza. Kwenye muvi hatuelezi popote, mwenye kujua anajua.

Mashine lazima iwe na udhaifu, na udhaifu nao uutoe hapa. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa Tanga jeshi la watu kama 8,000, kamanda wa Wajerumani Lettow-Vorbeck alikuwa na kama elfu moja, wengi wao askari Waafrika, wana bombomu zao, zile bunduki za rashasha, katikati ya risasi mizinga ya nyuki ikavurugwa na nyuki wakaingia vitani, ndio maana wazungu mpaka leo wanaviita vita vya nyuki. Yaani mashine za kuua hapa kwetu sio hadithi, zilishafika, na waliowavuruga watu pamoja na mashine zao zote walikuwa wadudu. Basi yetu haifi kwa bomu, nyuki wanaingia kwenye matundu ya kupozea, wanaziba, inachemka, inajifia. Na kizuri cha nyuki ni kwamba huhitaji hata mmoja, unahitaji mlio wao.

Ukishapata hiyo stori ibane. Watu wanne wenye maneno, sehemu tatu za kushutia, usiku mmoja. Sini ya sokoni yenye watu mia wanakimbia usiiandike, utawalisha na nini?

Hatua ya 2: vibali, na usivipuuze

Hapa napita haraka maana hapanogi ila ndipo wengi wanapokwama. Kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza namba 4 ya 1976, kibali cha kushuti kinatoka Bodi ya Filamu, na watataka kuona skripti, kwa hiyo skripti iwe imekamilika sio ya kichwani. Mwenyekiti wa mtaa mpelekee taarifa mkononi, kaa, kunywa maji, mweleze. Mkiwa na bunduki za bandia polisi wajue mapema, tena siku yenyewe muwapigie tena, usiku mtu anayepita hajui kama ile ni mbao. Droni ina kibali chake cha mamlaka ya anga, sisi tuliachana nayo, tukapanda juu ya ghorofa la rafiki. Bandarini na reli usiguse bila ruhusa ya maandishi. Shamba la mkonge lina mwenyewe hata kama linaonekana pori, ongea na meneja, sisi tulipewa siku mbili bure kwa sababu tuliomba kwa adabu tukaahidi kutokuwasha moto, na hatukuwasha.

Hatua ya 3: kuijenga

Huijengi nzima. Jenga vipande vitatu tu: mkono, bega na kichwa. Hivyo vingine gizani nani ataviona.

Mkono tulitengeneza wa chuma kweli, kwa sababu ndio unaokaribia kamera. Kwenye skrepa ukichagua mwenyewe unapata cheni za baiskeli, beringi, spoku, gia, na Tanga kwa baiskeli usiniambie, vipuri vichakavu vimejaa. Fundi wa kuchomelea akaviunga kwenye vipande vya engo kwa nusu siku. Ushauri, mpelekee mchoro, usimwambie "tengeneza kama mkono wa roboti", wetu wa kwanza ulitoka kama jiko la mkaa.

Bega na kichwa ndio ndala. Ile foamu ya ndala ndiyo hiyohiyo wenzetu wanayonunua kwa karatasi kutengenezea magwanda ya muvi, nyepesi, inakatika kwa wembe, ukiipasha kwa draya la saluni inakunja na ikipoa inabaki ulivyoikunja. Kusanya zilizokatika, osha, kausha. Gundisha kwa gundi ya viatu, paka pande zote mbili, subiri ikauke mpaka isinate kidoleni, ndio ubandike, ukikurupuka inabanduka katikati ya sini. Kisha paka gundi ya mbao iliyolegezwa na maji mara mbili tatu kuziba vinyweleo, hapo ndio rangi ya kupuliza inakaa. Pulizia nje kwenye upepo sio chumbani.

Kutu sasa. Hapa najisifu kidogo. Paka gundi ya mbao pale unapotaka kutu, nyunyizia mdalasini wa unga na kahawa iliyosagwa, kung'uta, ukikauka gusa kwa rangi ya kahawia. Kwa macho ni chuma kilicholala kwenye chumvi ya bahari miaka ishirini. Kwa pua ni chai ya jioni. Yule kijana aliyevaa alikuwa anatoka jasho humo ndani akasema bora angekuwa maandazi.

Macho ni taa nyekundu za breki ya bodaboda, zinataka volti 12, betri tatu za lithiamu za 3.7 ukiziunga mfululizo unapata 11.1, zinawaka vizuri tu. Swichi iwe mkononi mwa mvaaji. Na ayazime macho muda mwingi kuliko kuyawasha, taa inayowaka muda wote ni taa ya bodaboda, inayowaka ghafla kwenye giza ndio mashine.

Hatua ya 4: mlio, hapa usibanie

Pesa ya maiki toa hata kama unakopa. Ya kubana kwenye shati ya bei ndogo inatosha, lakini ipate soksi au kipande cha manyoya juu yake, upepo wa bahari wetu, kusi au kaskazi, unaingia kwenye maiki kama mtu anapasua gunia.

Mlio wa mashine tuliupata kwenye mashine ya kusaga. Nilikwenda saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla wateja hawajajaa, mzee mwenye mashine anafagia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeleta mahindi?"

"Hapana babu, nimekuja kurekodi mlio."

Akanitazama, akatazama simu, akaitazama mashine kama ndio anaiona siku hiyo. "Mlio," akasema. Akawasha. Mara ya pili akaniambia subiri, akaiacha izunguke tupu bila mahindi, akasema ikiwa na njaa inalia tofauti. Na kweli, ikiwa tupu ilikuwa na kaukelele kembamba juu kanakoyumba, nywele zikanisimama. Hicho ndicho kilichotumika kwenye muvi nzima, jina la babu yule tuliliandika mwishoni peke yake kwenye skrini.

Ukishapata mlio ufungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni bure, upunguze kasi nusu, mlio unashuka oktava nzima na unakuwa wa kitu kikubwa mara kumi. Halafu panga tabaka tatu: chini huo wa kusaga, katikati cheni ya guta inayovutwa sakafuni, juu kisu kinachokwaruza sufuria taratibu. Kila tabaka lisikike kwa zamu, sio yote mara moja, ukiyapiga pamoja unapata kelele za gereji. Kanuni tuliyojiwekea, cheni pekee maana yake mashine iko mbali, kusaga kukiingia iko nyumba ya pili, kisu kikisikika iko chumbani. Watazamaji hawakuambiwa ila ilipofika nusu ya muvi walishajua, kisu kikilia wanavuta miguu juu ya benchi.

Nyuki? Watu sita, midomo imefungwa, kila mtu avume sauti yake, mrekodi mara nne muweke juu ya mwenzake, mpandishe kasi kidogo. Usiende kwenye mzinga na simu tafadhali.

Kuhusu maneno ya waigizaji, kama maiki yako haiaminiki fanya alivyofanya direkta Robert Rodriguez kwenye El Mariachi ya 1992, muvi ya kama dola 7,000, alishuti bila sauti, kisha palepale kabla watu hawajasahau walivyosema anawarekodi maneno pembeni. Inabana kwenye editi, midomo inagoma kulingana, lakini sauti inakuwa safi. Na kila sehemu mnayoshuti rekodi sekunde 30 za ukimya wa hapo, watu wote wasimame wasipumue kwa nguvu, utanishukuru wakati wa kuunganisha. Ratiba ipange mkwepe adhana, ikianza mnapumzika, ni adabu na pia hamna utakachorekodi.

Hatua ya 5: kushuti

Simu iweke fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Umeme wetu ni hezi 50, ukiacha simu ijichagulie, taa za nyumbani zitakuwa zinacheza mistari kwenye picha, kosa hilo lilitugharimu usiku mzima na hatukuliona mpaka tulipoangalia kwenye tivii. Funga fokasi na mwanga visijibadilishe vyenyewe.

Usiku wa kweli ni ghali, taa, jenereta, mbu, watu wanasinzia. Nusu ya usiku wetu tulishuti mchana, unapunguza mwanga, unapeleka rangi kwenye buluu, ukiweka kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga kwenye kamera) 3200 juani picha inageuka buluu yenyewe, ila mbingu isionekane hata chembe na jua liwe nyuma ya mtu. Pale jua linapozama una kama dakika 20 za kiza chepesi kizuri kuliko taa yoyote, huku kwetu giza halina subira, kwa hiyo mazoezi yafanyike saa kumi na moja, saa kumi na mbili na robo kila mtu awe mahali pake hajatafuna kitu. Masika acheni kabisa, Machi mpaka Mei, mtashuti mvua tu.

Kamera iende kwa guta. Huyo Rodriguez alitumia kiti cha wagonjwa, sisi mshika simu alikaa kwenye guta, magoti kifuani, tairi tumepunguza upepo kidogo isirukeruke, msukumaji peku asisikike. Kwenye lami ya mjini inateleza kama reli.

Mashine ipigwe kutoka chini, simu karibu iguse ardhi. Na hapa simu inaishinda kamera kubwa, kwa sababu sensa yake ni ndogo kila kitu mbele na nyuma kinaonekana wazi bila ukungu, kwa hiyo ukiweka modeli ya mashine yenye kimo cha goti mita moja mbele ya simu, na waigizaji wako mita kumi nyuma, wakikimbia inaonekana jitu linawafukuza. Chini pasionekane palipoungana, majani ya mkonge yanaficha vizuri. Modeli ikianguka ishuti kwa kasi ili ikionyeshwa taratibu iwe nzito, hesabu yake ni kipeuo cha pili cha udogo wake, kama ni moja ya kumi na sita, kipeuo ni 4, zidisha 25 unapata fremu 100 kwa sekunde. Ukiishuti kawaida inaanguka kama boksi la viatu.

Mwendo wa mashine, mwambie mvaaji atembee kinyumenyume, kwenye editi unageuza. Anaonekana anakuja mbele lakini uzito wake uko pasipo pake, watu hawajui nini kimekosewa wanajua tu sio mtu.

Damu isiwe ya machinjioni, jamani. Sharubati nzito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula, kakao kidogo iwe nzito. Milipuko hakuna, petroli marufuku, na unga usiurushe karibu na moto maana unga ukitimka hewani unashika na kulipuka kweli. Mchanga mkavu mtu akirusha kwa sahani kutoka nje ya picha unatosha. Kwa bunduki za bandia tazameni kazi za kule Wakaliga, Kampala, Nabwana na wenzake, Who Killed Captain Alex? ya 2010, bajeti inayotajwa ni chini ya dola 200, silaha za vyuma chakavu, na dunia nzima imeitazama.

Pesa ilivyokwenda kwetu

Chakula siku saba kwa elfu 30, hiyo 210,000. Nauli na guta 90,000. Mashine yote, chuma, gundi, rangi, taa, 115,000. Maiki 45,000. Jenereta na taa usiku mmoja 80,000. Sehemu ya kuhifadhia picha 60,000. Vidogovidogo 20,000. Jumla 620,000, na waigizaji hawakulipwa, tuliandikishana asilimia na kila mtu akasaini, fanyeni hivyo kabla ya kushuti sio baada. Chakula msikikate. Mtu aliyekula wali maharage na samaki saa saba atarudia sini mara tisa, aliyepewa kachori mbili na soda mara ya tatu anakuuliza "hii bado?"

Hatua ya 6: kuunganisha na kujaribu

Programu ya DaVinci Resolve ya bure inafanya kila kitu kama kompyuta inaiweza, ikigoma tumia programu ya kwenye simu, hakuna atakayekuuliza. Unganisha sauti kwanza. Kweli kabisa, weka mlio wa mashine kwenye skrini nyeusi mwanzo mpaka mwisho, sikiliza macho umefumba, ukiogopa mwenyewe ndio uanze kuweka picha juu yake. Kila unapoiona mashine jiulize kama hiyo picha ikitoka muvi inaharibika, nyingi hazikuharibu, tulitoa tukabaki na sekunde 40 za mashine kwenye muvi ya dakika 52.

Halafu ipeleke kibandani kabla hujaipeleka Bodi kwa daraja lake, na kabla hujatoza hata mia. Usikae mbele. Kaa nyuma, mwambie mwenye kibanda aongeze besi, acha kuangalia skrini, angalia visogo. Vikiyumbayumba, mtu anaangalia simu, andika dakika hiyo, hapo pana kitu cha kukatwa. Vikitulia vyote pamoja, hiyo sini usiiguse tena hata direkta akilia.

Sisi kuna dakika ya 31, cheni inasikika nje, kusaga kunaingia, halafu kimya. Kisu hakiji. Sekunde tisa kisu hakiji. Yule mtoto wa "si ndala zile" alikuwepo tena, nilimwona amevua zake, kazishika mkononi tayari kwa kukimbia.